Kutunza Okidi Ndogo Nyumbani

Wasomaji wa Bombambili na vijiji vya Songea wazijua okidi ndogo zishikazo juu ya matawi ya miyombo. Nyingine mmea mzima hutosha katika kiganja cha mkono. Wengi huzileta nyumbani kwa uzuri wa maua yake, lakini nyingi hufa upesi. Nasi hapo kwanza tuliupanda mmea wa namna hii katika kopo la udongo, tukautilia maji kila asubuhi, nao ukaoza. Wahenga walisema kweli: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Yapasa kufahamu kwamba okidi hizi hazinyonyi mti. Mti kwao ni makao tu. Maji huyapata katika mvua na umande, na mizizi yake hutaka hewa. Taabu zake ni hizi:

1. Kuoza mizizi. Mzizi mzima umevikwa ganda kama sifongo. Ukikauka huwa mweupe, ukilowa hugeuka kijani. Mzizi wa rangi ya kahawia uliolainika umekufa. Ukate kwa kisu kilichopitishwa motoni, kisha ufunge mmea kwa kamba laini juu ya kipande cha mti chenye gome, uutundike barazani. Maji yatiwe asubuhi, wala yasirudiwe mpaka mizizi iwe myeupe tena.

2. Majani kukunjamana. Mtu hudhani ni kiu. Huenda ikawa kweli, lakini huenda mizizi imeoza nayo haiwezi kunywa. Basi itazame mizizi kabla ya kushika kata ya maji.

3. Kutotoa maua. Majani yakiwa malegevu na ya kijani kilichokoza sana, mwanga hautoshi. Yakigeuka manjano au kuungua, jua limezidi. Jua la asubuhi ndilo lifaalo. Tena yafaa kufuata majira. Mvua zetu hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili hivi. Okidi zenye mashina yaliyovimba kama vibuyu vidogo huweka akiba humo, na nyingi hupumzika wakati wa kiangazi, zipunguziwe maji. Zisizo na vibuyu hazina akiba kubwa, basi zinyunyiziwe kidogo kidogo.

4. Wadudu. Vidudu vyenye magamba hung'ang'ania chini ya majani. Vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha suuza. Konokono hula machipukizi usiku. Waokotwe kwa taa.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, na porini haioti bila msaada wa kuvu. Hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Katika nyanda za juu za kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, hata zimepungua sana. Uwanda wa Kitulo, mashuhuri kwa okidi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Basi tusizidishe hasara hiyo kwa mapambo ya nyumba. Okoteni zile zilizoanguka na matawi, au zilizo juu ya miti inayokatwa shambani. Za msitu wa Matogoro ziacheni. Walimu nao wawaonyeshe watoto mzizi mkavu na mzizi uliolowa. Mtoto ajuaye tofauti hiyo hataua mmea kwa kuupenda.