Klachi Husingiziwa Mengi

Gia inakataa kuingia, mwenye gari anasema klachi imekwisha. Pedali imelala chini hairudi, klachi imekwisha. Gari linanguruma ukikanyaga, klachi imekwisha. Kwa gari la spoti lenye giaboksi nyuma ya injini, kuifikia klachi ni kazi ya siku mbili umelala chali uvunguni, kwa hiyo ni heri kesi isikilizwe kabla ya kutoa hukumu.

Mfano wangu ni Mazda MX-5 ya kwanza, ile yenye taa za kuinuka, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Nimeichagua kwa kuwa ni gari la spoti ambalo watu wa kawaida wamezoea kulitengeneza wenyewe nyumbani. Uzito wake ni karibu tani moja, injini imelala mbele kwa urefu, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, na kazi hii haidai kompyuta yoyote. Mwenye Altezza wa Dar es Salaam au Nairobi ataitambua ramani, ingawa bolti na vipimo vyake ni vingine.

Anza na barabara tambarare isiyo na magari. Ukiwa gia ya nne, mwendo kama kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukipanda huku mwendo haupandi, klachi inateleza, na hapo haina utetezi. Lakini ikiwa gia ndizo zinazogoma, hasa rivasi inayosaga meno, pampu pedali haraka mara nne tano kisha ujaribu tena. Zikiingia, mkosaji ni mfumo wa mafuta ya klachi. Silinda ya chini ya klachi, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, inajulikana kwa kuvuja katika gari hili. Funua mpira wake. Ukikuta unyevunyevu, umemkamata. Inashikwa na bolti mbili na bomba moja, na giaboksi haiguswi.

Sikiliza pia kelele. Inayokuja ukikanyaga pedali mara nyingi ni ya beringi ya kusukumia, ambayo mafundi huiita rilizi. Inayopotea ukikanyaga hutoka ndani ya giaboksi, na klachi mpya haitaiponya.

Ukithibitisha, nunua spea kabla ya kufungua chochote, na uangalie injini uliyo nayo. Ya 1.6 hutumia diski ya milimita 200, ya 1.8 hutumia ya 215. Chukua diski, presha pleti, rilizi, beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, na sili ya nyuma ya krenki. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ikianza kuvuja mwezi ujao utarudia kazi yote kuifikia, na mafuta yake yataharibu diski uliyonunua juzi. Katika kazi hii jasho ndilo ghali kuliko spea, basi kila kilicho kati ya injini na giaboksi kimalizwe kwa safari moja.

Gari likae juu ya nini

Hapa sitaharakisha, maana klachi mbovu haijawahi kuua mtu, ila gari lililoanguka limeua. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likishapanda, uzito wake wote uhamie kwenye stendi nne za chuma zilizowekwa sehemu ambazo kitabu cha gari kinaelekeza. Tofali la saruji halifai kabisa. Hubeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, nalo hupasuka bila kutoa onyo. Kama uwanja wako ni wa udongo, stendi zitazama taratibu ukiwa huko chini, hivyo laza mbao nene na pana chini ya kila mguu. Kisha sukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litaanguka, lianguke sasa, wewe ukiwa umesimama nje. Magurudumu uliyovua yasukumie chini ya bodi yawe akiba.

Kimo cha sentimita 45 hivi kitakutosha kuitoa giaboksi ikiwa juu ya jeki ya magurudumu. Na usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Hata mtoto mkubwa wa kukupa spana na kupiga simu ikibidi ni msaada.

Betri ya MX-5 usiitafute mbele, iko kwenye buti. Toa waya wa hasi. Halafu ingia ndani ya gari, fungua kirungu cha gia, konsoli na mipira, toa bolti tatu zinazoshika mkono wa gia na uuchomoe juu. Ukisahau hatua hii utashangaa mbona giaboksi haishuki.

Kushusha

Nati za ekzosi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kabla ya kumwaga mafuta ya giaboksi, legeza kwanza kizibo cha kujazia. Wako watu waliomwaga mafuta yote ndipo wakagundua kizibo cha juu kimeganda, na gari halina pa kujazwa. Yatoke yote, kiasi cha lita 2, vinginevyo yatakumwagikia usoni utakapochomoa propela. Propela yenyewe iwekee alama ya rangi inapoungana na difu ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ikishatoka, funga mkia wa giaboksi kwa mfuko wa plastiki.

Silinda ya chini, ikiwa nzima, usifungue bomba lake. Toa bolti mbili, itundike pembeni kwa waya, na uwaambie watu wa nyumbani asiguse mtu pedali ya klachi. Ikikanyagwa, pistoni inaruka nje.

Kinachowashangaza wengi katika gari hili ni fremu ndefu ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na difu. Giaboksi haina kiegemeo kingine nyuma, fremu ndiyo inayoibeba. Kwa hiyo kabla hujaigusa, weka jeki chini ya giaboksi, pima umbali kati ya fremu na bodi sehemu mbili, na uandike. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokurudisha mahali pake. Fremu ikifungwa imeinama, gari litatetemeka kwenye mwendo na utailaumu klachi mpya bure. Bolti zake zimekazwa kwa nguvu nyingi, zaidi ya Nm 100, basi tafuta mpini mrefu. Fremu ikitoka, mkia wa injini utainama kidogo. Uache, maana hapo ndipo bolti za juu za giaboksi na za starta zinapoanza kuonekana. Zinafikiwa kwa ekstensheni ndefu, kama sentimita 60, yenye kiungo cha kupinda. Hizo bolti za juu ndizo zitakazokula nusu ya Jumamosi yako.

Bolti zote zikitoka, vuta giaboksi nyuma ikiwa imenyooka, imefungwa kwa mkanda juu ya jeki. Usiiache ining'inie kwa shafti yake hata kwa sekunde chache. Uzito ule hupinda kitovu cha diski, hasa wakati wa kurudisha, diski ikiwa mpya.

Klachi yenyewe

Baada ya shida zote hizo, klachi inashikwa na bolti sita tu. Zilegeze kidogo kidogo kwa kukingama, si moja mpaka mwisho. Vumbi utakalolikuta lichukulie kuwa na asbesto, kwa sababu diski za zamani zilikuwa nayo na huwezi kuitambua kwa macho. Usilipulize kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Flaiwili iangalie juani. Madoa ya bluu na nyufa nyembamba ni dalili ya joto kali. Ipeleke kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, au nunua nyingine kama nyufa zimeingia ndani. Beringi ndogo ya katikati huwatoa watu jasho. Flaiwili ikiwa nje, unaigonga kutoka nyuma. Ikiwa bado imefungwa, jaza tundu kwa mkate uliolowana, ingiza chuma cha mviringo kinachobana vizuri, ugonge. Mkate unazunguka nyuma na kuisukuma beringi nje. Mara ya kwanza kuusikia ujanja huu nilidhani ni utani wa gereji.

Flaiwili hukazwa kwa Nm 96 hadi 103. Safisha uso wake kwa dawa ya kusafishia breki, nawa mikono, ndipo ushike diski mpya. Grisi ya kidole ikigusa diski, klachi itatetemeka kila ukiondoka. Upande bapa wa diski unatazama flaiwili, na wenye springi zilizotokeza unatazama giaboksi. Ikiwekwa kinyume, gari litafungwa lote vizuri kisha likatae gia, na hakuna dawa ila kushusha tena. Isimamishe katikati kwa kile kijiti cha plastiki kilichokuja na spea, ukaze bolti sita kwa kukingama mpaka Nm 18 hadi 26. Meno ya shafti yapake grisi nyembamba tu, maana ya ziada itarushwa kwenye diski.

Kurudisha giaboksi ni subira. Ikigoma sentimita mbili za mwisho, weka gia, zungusha mkia wake polepole hadi meno yakutane. Usiivute kwa kukaza bolti. Masikio yake ni ya aluminiamu, nayo hukatika. Ikikaa imegusa injini kwa mikono mitupu, ndipo bolti zifuate, kisha fremu kwa vipimo ulivyoandika.

Mafuta yake yawe 75W-90 ya daraja la GL-4. Muuza duka anaweza kukupa GL-5 akisema ni bora zaidi kwa kuwa namba ni kubwa, lakini baadhi yake yana viungo vinavyokula shaba ya pete za gia. Jaza hadi yachuruzike kwenye tundu. Mkono wa gia unaporudishwa, kagua mpira wake wa chini. Ukiwa umechanika, joto na harufu ya giaboksi vitakuwa abiria wako.

Kabla ya kulishusha gari, magurudumu ya nyuma yakiwa hewani na hakuna mtu uvunguni, washa injini na uzipitie gia zote pamoja na rivasi. Likishatua chini, liendeshe kwa upole mjini kilomita 500 hadi 800, bila kuondoka kwa vishindo, ili diski na flaiwili zizoeane. Kila asubuhi wiki ile ya kwanza, tandika kipande cha boksi chini ya giaboksi na ukitazame kabla hujaondoka. Tone la kahawia likiwa karibu na mkia ni sili ya propela. Likiwa mbele, chini ya klachi, linuse: mafuta ya giaboksi yana harufu kali ya salfa, ya injini hayana.