Mtego wenu umemnasa asiye na nyumba

Shangazi, Mimi na wenzangu wawili tunasoma chuo hapa Mombasa. Tulitazama filamu za Borat, tukaamua kutengeneza video yetu kuhusu ukabila katika kupangisha nyumba. Mwenzetu mmoja alivaa suti kuukuu inayompwaya, akajifanya mgeni kutoka bara anayetafuta chumba, na kila alikoenda alitaja jina la ukoo linaloonyesha kabila. Kamera tuliificha mkobani. Tulizunguka nyumba sita. Kwenye moja, keateka mzee alisema wenye majina kama hayo hawachukuliwi. Mwenzetu akamchokoza, akadai hata yeye mwenyewe hawapendi watu wa kwao, na mzee akacheka, akaongeza maneno mabaya sana. Hapo ndipo panapochekesha kuliko pote. Sasa mzee amejua kwamba tulimrekodi. Alitufuata hadi chuoni akilia kwamba atapoteza kazi, na chumba anacholala kimo katika nyumba hiyo hiyo. Wenzangu wanasema tukimhurumia kila mtu hatutafichua lolote. Nifanye nini?
Mshika Kamera, Mombasa

Mwanangu,

Wenzako hawajakosea kuhusu ukabila wenyewe. Namjua binti aliyenyimwa chumba akiwa na kodi na dipositi mkononi, kisa jina la babake, na aliyemnyima alikuwa akitabasamu. Maneno ya namna hiyo husemwa mlangoni, kwa sauti ya chini. Mbele ya kamera iliyo wazi kila mtu ni mpenda watu. Kwa hiyo sitakuambia mtupe kazi yenu.

Nitakachokuomba ni kuitazama tena Borat, na safari hii muwaangalie waliotegwa. Sacha Baron Cohen, anayeigiza Borat, ni Myahudi wa Uingereza aliyesoma historia Cambridge, na chuki dhidi ya watu wake aliijua vizuri alipoanza kuitega. Katika kipindi chake cha televisheni kilichoonyeshwa mwaka 2004, aliingia baa moja ya Tucson, Arizona, akijifanya mwandishi wa habari kutoka Kazakhstan, akaimba wimbo wa kuwachukia Wayahudi. Wateja walipiga makofi na kuitikia. Hakuna aliyeshurutishwa, na yeyote angeweza kuweka glasi chini akatoka. Baadaye mwenyewe alisema huenda walichoonyesha ni kutojali zaidi kuliko chuki, nami naona kutojali huko kunatisha vya kutosha. Mwaka 2018 alimpata Jason Spencer, mbunge wa jimbo la Georgia. Katika mafunzo bandia ya kujikinga na magaidi, mtu mzima huyu, mtunga sheria, alipiga kelele za matusi ya kibaguzi na kuvua suruali. Video ilipotoka, akajiuzulu. Huyo mtego ulimpata kihalali: alikuwa na cheo, alikuwa na nafasi ya kukataa, na hakukataa.

Sasa nenda Glod. Ni kijiji maskini cha Romania, wakazi wake wengi ni Waroma, na katika filamu ya 2006 ndicho kilichoonyeshwa kama kijiji cha Borat huko Kazakhstan. Dunia iliwacheka watu wale kama washenzi. Wao wamesema waliambiwa inarekodiwa filamu ya kueleza maisha yao, wakapewa vijisenti. Baadhi yao walidai fidia ya dola milioni 30 Marekani, na kesi haikufika mbali. Hivi walifichua ubaguzi gani? Hawakusema neno baya kwa mtu yeyote. Kazakhstan nayo ilichukizwa, lakini serikali yake iliweza kulipia kurasa za kuitangaza nchi katika New York Times. Glod ingelipia nini?

Ndiyo maana nauliza mzee wenu yuko upande gani, wa Spencer au wa Glod. Naona yuko katikati, na hapo ndipo penye uzito. Sentensi yake ya kwanza, kwamba wenye majina hayo hawachukuliwi, ni amri ya mwenye nyumba iliyopita kinywani mwake. Angekuwa na nafasi gani ya kuikataa, na kitanda chake kiko ndani ya geti? Maneno mabaya yaliyofuata ni yake, hilo siwezi kumwondolea. Lakini mliyatoa kwa kumchokoza, na kumwaibisha yeye kutamwacha aliyetoa amri akilala usingizi.

Mzee mtoeni kabisa kwenye video, sura na sauti. Kuweka ukungu usoni hakusaidii, majirani wanalijua geti. Nendeni kwake pamoja, mfute mbele ya macho yake, mwombe radhi, hasa huyo aliyevaa suti. Kisha muulizeni, bila kamera, amri ilitoka kwa nani. Akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, mheshimuni.

Kuna pia upande wa sheria, msiudharau. Wengi waliotegwa na Baron Cohen walitia sahihi ya kukubali kabla ya kurekodiwa. Roy Moore, mwanasiasa wa Alabama, alidai dola milioni 95 na kesi yake ikatupwa mwaka 2021 kwa sababu ya sahihi hiyo. Nyinyi hamna hata moja, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwoneni wakili kabla ya kuonyesha sura ya yeyote.

Halafu tegeni juu. Pigieni simu wenye nyumba wenyewe, chumba kile kile, siku ile ile, kwanza kwa jina moja, kisha kwa jina jingine. Msichokoze. Kimya kinachofuata jina la pili kitatosha.

Umeniambia nyumba sita, ukanisimulia moja tu. Katika Borat ya 2020 kuna mama Mmarekani mweusi aliyekodiwa kumlinda binti wa Borat. Yeye naye alidanganywa, akidhani ni filamu ya maisha halisi, na alichofanya ni kumwambia msichana yule kwamba ni mtu huru na ana akili zake. Watu wengi waliondoka wakimkumbuka yeye kuliko vituko vyote. Pitia tena rekodi za nyumba zile tano. Kama yupo aliyemwambia mgeni wenu karibu, chumba kipo, kalale salama, mtafuteni mumwombe ruhusa, na video ianze naye.