Namna ya Kupanga Safari ya Mji Mkongwe kwa Wasafiri Wenye Ulemavu

Makusudi ya makala hii ni kueleza namna ya kupanga safari ya masomo katika Mji Mkongwe na sehemu nyingine za Unguja, ili mwanafunzi atumiaye kiti cha magurudumu, au asiyeona, au kiziwi, aende pamoja na wenziwe na arudi na elimu ile ile. Muhula ujao darasa letu la Historia linakusudia kwenda Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Miongoni mwetu yumo mmoja atembeaye kwa kiti cha magurudumu, na mmoja asiyeona. Katika safari mbili zilizopita wote wawili walibaki dahalia, wakaambiwa watasimuliwa. Masimulizi si kitu kibaya, lakini mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi nani alikwenda na nani alisimuliwa.

Wengine hudhani kwamba kuwachukua ni hisani. Sivyo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 chataka majengo, njia na vyombo vya kusafiria viweze kutumiwa na watu wote. Kifungu cha 30 chataja hata majumba ya makumbusho, huduma za utalii na mahali pa kumbukumbu za taifa, ijapokuwa kwa hapo mwisho kimetia maneno "kadiri iwezekanavyo". Zanzibar ilikuwa imekwisha tunga sheria yake juu ya haki za watu hawa tangu mwaka 2006. Wala si wachache: hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania nzima, katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, kiasi cha 11 wana ulemavu wa namna fulani.

Basi mtu ataanzaje? Aanze kwa kumwuliza msafiri mwenyewe. Jambo hili ni jepesi, na kwa sababu ni jepesi aghlabu husahauliwa; walimu huulizana wao kwa wao, na mwenye safari yuko nje ya mlango. Mwenye kiti aulizwe: Kiti chako kina upana gani? Waweza kuhamia kwenye kiti cha gari bila ya kusaidiwa? Waweza kupanda kidato kimoja ukishikwa mkono? Asiyeona aulizwe apenda kuongozwa vipi. Wengi hupenda kushika kiwiko cha mwongozaji na kumfuata nyuma kidogo. Kumsukuma mtu mgongoni kama mkokoteni si kumwongoza. Kiziwi aulizwe kama ajua lugha ya alama au hutazama midomo, maana mwelezaji asemaye huku amegeukia ukutani kwake ni kama hakusema kitu.

Baada ya kuuliza, kupima. Hapa ndipo Mji Mkongwe unapotofautiana na miji mingine. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na uzuri wake wote, yaani vichochoro, baraza na milango ya nakshi, ndio huo huo unaomzuia mwenye magurudumu. Tuutazame mlango. Mlango wa Kizanzibari una mabawa mawili, na katikati pana mfaa uliopigiliwa kwenye bawa moja. Desturi ni kufungua bawa moja tu. Mlango wenye nafasi ya sentimita 130 ukifunguliwa nusu watoa sentimita 65, na viti vingi vina upana wa sentimita 60 mpaka 70, tena mikono ya mwenye kuviendesha yataka nafasi yake. Kwa hiyo mlango ule ule humkataa mtu ukifunguliwa bawa moja, na humpokea yakifunguliwa yote mawili. Dawa yake ni kumpelekea mwenye nyumba habari siku moja kabla.

Kizingiti cha chini ni taabu zaidi. Kanuni itumiwayo na wajenzi wengi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda yataka ubao wa mteremko utandazwe sentimita 12. Tukitazama jedwali la tanjenti tutaona kwamba pembe yake ni digrii 4 na dakika 46, na hapo ndipo kijana mwenye nguvu aweza kujipandisha mwenyewe. Kizingiti cha sentimita 15 chataka sentimita 180, na ubao wa namna hiyo waweza kuchukuliwa na watu wawili. Lakini kizingiti cha sentimita 30 chataka mita 3 na sentimita 60, na katika kichochoro cha mita 2 hapana pa kuutandaza. Hapo itabidi watu wawili au watatu wakiinue kiti, kwa ruhusa ya aliyekikalia, nao washike chuma cha kiti, wala si magurudumu, wala si mikono ya kiti, ambayo mara nyingine huchomoka. Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu wengi wetu twauliza hesabu za pembe zina faida gani.

Sasa tuje Mkunazini kwenyewe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa sahihi na Sultani Barghash, na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa la Waanglikana mahali pale. Nje ya kanisa ipo sanamu ya mwaka 1998, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, yenye watu waliofungwa minyororo wakisimama ndani ya shimo. Mwenye kiti aweza kuitazama kutoka ukingoni kama watu wengine wote. Shida ni vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni: vidato vya kushukia, na dari iliyo chini mno. Mimi sioni sababu ya kumbeba mtu asiyetaka kubebwa. Shauri langu ni hili: wanafunzi wawili washuke kwanza na futikamba, wapime urefu, upana na kimo cha chumba, kisha wachore umbo lake kwa chaki uani, kwa kipimo kile kile, na kamba ivutwe kuonyesha dari. Darasa zima liingie ndani ya mstari ule, pamoja na mwenye kiti. Nadhani hata walioshuka watajifunza zaidi hapo kuliko gizani, ambako kila mtu huinama akitafuta njia ya kutokea.

Kutoka hapo safari iende Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya ikafunguliwa mwaka 2009, nayo ni tambarare, ina njia pana. Ni mahali pazuri pa kupumzika na kulitazama Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hilo hutajwa kuwa jumba la kwanza katika Afrika ya Mashariki kuwa na lifti. Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba kumpandisha mtu ghorofani bila ya miguu yake ni mambo mageni kwetu.

Kwa asiyeona Mji Mkongwe una mengi kuliko tunavyodhani. Nakshi za milango husomwa kwa vidole, mwenyewe akiruhusu. Soko la Darajani hujulikana kwa harufu, kwanza samaki kisha viungo. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni bora zaidi, maana huko hata wenye macho huambiwa wayafumbe, wanuse jani la mdalasini au kungumanga na kulitaja. Mwingereza James Holman, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 25, aliizunguka dunia kati ya 1827 na 1832, akaandika vitabu juu ya safari hiyo.

Wakitaka kwenda mbali zaidi, gari ndilo jambo la kwanza. Daladala za mbao hupandwa kwa nyuma, kwa kidato kirefu na paa la chini, na kiti hutupwa juu pamoja na magunia. Afadhali kukodi gari ndogo lenye mlango wa ubavuni. Huko Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, kima punju huonekana mara nyingi karibu na barabara. Njia ya mbao iliyopita katika mikoko yapasa ikaguliwe kwanza, kwa kuwa ufa baina ya mbao mbili waweza kuimeza ncha ya gongo. Na akitaka kwenda Changuu kutazama kobe wakubwa, aangalie mwezi kabla ya kuangalia saa. Mashua nyingi hupakia watu ufukweni. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na kutoka karibu na saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji yakijaa mashua husogea, lakini mchanga mkavu wa juu huyameza magurudumu. Yakitoka mchanga huwa mgumu, na mashua iko mbali. Wakati mzuri ni wa katikati, na nahodha aulizwe mapema.

Limebaki jambo moja ambalo watu huona haya kuliandika, nalo ni choo. Mtu asiyejua choo kiko wapi, na kama mlango wake wapitisha kiti, hatakunywa maji tangu asubuhi, na jua la Unguja mnalijua. Katika ramani ya safari yetu vyoo vitiwe alama kabla ya makumbusho.

Mwalimu wa Hesabu amekubali kutuazima futikamba mbili za mita 5. Watakaotaka kwenda kuipima njia ya kutoka Darajani mpaka Mkunazini na Forodhani waandike majina yao kwa kiongozi wa darasa la Historia kabla ya kufunga skuli. Majina mawili ya kwanza yamekwisha andikwa: ni ya wale wawili waliobaki dahalia.