Tajiri Wangu Hakasiriki, Mimi Nimempiga Mtoto

Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, lakini naishi Kitale, nimeajiriwa katika stoo ya kununua mahindi. Tajiri wangu ni Mhindi wa makamo. Kila asubuhi kabla hatujafungua huwasha udi mbele ya picha za miungu yake, akakaa kimya akihesabu shanga. Wakulima wamtukane, malori yachelewe, sauti yake haipandi. Mimi ni kinyume chake. Nagombana na wakulima, nagombana na makuli, na mwezi uliopita nilimzaba kofi mwanangu wa miaka 14 hadi akatokwa na damu puani, kisa alichezea simu yangu ikaisha chaji. Nilipomuuliza tajiri siri yake, alinipa kijitabu cha Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Mke wangu amekikuta chini ya godoro na anasema naleta mashetani nyumbani, kwani sisi ni waumini wa kanisa la Friends. Je, naweza kujifunza kutawala hasira kwa njia hii bila kuacha imani yangu?

Moto wa Mabua, Kitale

Mpwa wangu Moto wa Mabua,

Swali la imani nitalimaliza upesi kwa sababu ndilo jepesi. Kusoma Gita hakukufanyi Mhindu, wala kukaa kimya ukisikiliza pumzi zako si kumwabudu yeyote. Kufukiza udi mbele ya zile picha ni ibada, kwa hiyo dhamiri yako ikikataa, usifanye. Ila kitabu kisicho na neno hakifichwi chini ya godoro. Hapo mkeo ana haki ya kushtuka. Kitoe, kiweke mezani, msome pamoja. Umkumbushe pia kwamba Marafiki (Friends) wa kwanza, kule Uingereza karne ya 17, waliabudu kwa kuketi kimya wakimngoja Mungu. Kwaya na vipaza sauti vimekuja baadaye. Kimya si mali ya Wahindi peke yao.

Sasa tuingie kwenye kitabu chenyewe. Wengi hudhani Gita ni maneno ya watu waliokimbilia msituni. Sivyo. Kinaanzia uwanja wa vita. Arjuna, mpiga upinde hodari, anawaona jamaa na walimu wake wamejipanga upande wa pili, mwili unamlegea, upinde unamponyoka. Krishna, anayeendesha gari lake la farasi, anazungumza naye katika kitabu hiki cha sura 18. Katika sura ya pili anaeleza hasira inakotoka, na hapo ndipo nataka usome polepole. Haianzii mdomoni wala mkononi. Inaanzia pale akili inapong'ang'ania kitu fulani. Kung'ang'ania kunazaa tamaa, na tamaa ikizuiwa inageuka ghadhabu. Baada ya hapo mtu husahau hata yale anayoyajua vizuri, kwa mfano kwamba huyu aliye mbele yake ni mwanawe.

Tulipime hilo kwa siku yako. Pikapu imeingia na magunia ya kilo 90. Unachomeka kipima unyevu kinasoma 17, na wewe unajua bodi ya nafaka haitaki unyevu uzidi asilimia 13.5. Mkulima anafoka kwamba mashine yenu imechezewa. Unamrudishia tusi. Nakisia kwamba hukukasirishwa na maneno yake. Kichwani ulishahesabu magunia ya kufikisha kabla ya jioni na ukajiona ukisifiwa na tajiri, na huyu amekuvurugia hesabu. Naye mkulima ana hesabu yake, ya karo na deni la mbolea. Unarudi nyumbani na mabaki ya ugomvi, unakuta simu imezima. Mtoto alikuwa wa kwanza siku hiyo asiyeweza kukurudishia.

Dawa anayotoa Krishna ni ngumu kumeza: fanya kazi yako barabara, lakini usijifunge kwenye matunda yake. Kwako hiyo ina maana ya kumwonyesha mkulima kipimo, kukirudia akitaka, kumtajia namba kwa sauti ya kawaida na kumwambia aanike arudi. Akiondoka amenuna, kununa ni kwake. Kabla hujataja namba, vuta pumzi puani taratibu, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tatu. Usitarajie miujiza wiki hii. Katika sura ya sita Arjuna mwenyewe analalamika kwamba kuituliza akili ni kama kuushika upepo, na Krishna hambishii. Anamwambia ni mazoezi.

Lakini usimtazame tajiri wako kama malaika. Pengine ni mtu mwema kweli. Vilevile stoo ni yake, na mwenye stoo ana nafasi ya kutulia ambayo mwajiriwa anayesukumwa na pande zote hana. Kama unafanya kazi saa za ziada bila malipo, usiite kunyamaza kwako hekima. Arjuna hakuambiwa arudi nyumbani akatafakari; aliambiwa asimame atimize wajibu wake. Nenda kamweleze madai yako ukiwa umetulia.

Na utulivu wa dukani haupimi mtu. Gandhi, Mgujarati aliyeipenda Gita kuliko kitabu kingine, ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa katika Mto Nile pale Jinja, Uganda, mwaka 1948, alikuwa mkali nyumbani ujanani mwake. Ameandika mwenyewe kwamba walipokuwa Durban alimburuta mkewe Kasturba hadi langoni akitaka kumfukuza, kwa sababu mama huyo alibeba chombo cha choo cha mgeni huku akilia badala ya kufurahia. Kasturba ndiye aliyemuuliza kama hana haya. Akaona aibu, akafunga lango. Watu humtaja kwa maandamano yake ya chumvi. Mimi humheshimu zaidi kwa kuliandika hilo bila kujitetea. Miaka ya baadaye alizoea kunyamaza kutwa kila Jumatatu. Mtu aliyezaliwa mpole asingehitaji zoezi hilo.

Katika barua yako umeniuliza juu ya imani, mkeo na tajiri. Juu ya mtoto hukuuliza kitu. Kofi linalotoa damu si adabu, mpwa wangu, na ujue kwamba mwanao anaweza kupiga simu 116 akasikilizwa, tena bila malipo. Leo jioni kaa naye, umwambie ulimkosea, bila kuongeza "lakini nawe". Ukihisi mkono unaweza kuinuka tena, tafuta mshauri nasaha katika hospitali iliyo karibu nawe au umwone mchungaji wenu, wala usingoje kwanza umalize sura zote 18.