SOMO: KUTAFUTA SABABU YA SEVA KUISHIWA NA KUMBUKUMBU

Watumishi wa Serikali wanaosimamia seva za tovuti, pamoja na wananchi wanaozitumia, wanafahamishwa yafuatayo.

Huduma inapokwama, mwananchi aliyefunga safari kutoka Makunduchi au Nungwi hadi mjini hurudi mikono mitupu, na nauli yake imekwenda bure. Mara nyingi dawa inayokimbiliwa ni kuizima seva na kuiwasha tena. Dawa hiyo hurejesha huduma kwa muda, lakini hufuta ushahidi wa maradhi. Kwa hiyo inapasa kupima na kuandika kwanza, ndipo kuzima.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Mfereji wa Mji Mkongwe ukikauka, sababu yaweza kuwa moja kati ya tatu: maji yamewekwa akiba mapipani, wachotaji wamezidi, au bomba linavuja. Kumbukumbu ya seva nayo ni vivyo hivyo.

(1) Akiba. Mfumo wa Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu nyingine zinapoihitaji. Hayo si maradhi. Katika amri ya free, safu ya kutazamwa ni ile ya available.

(2) Wingi wa watumiaji. Seva ya Apache ikiendeshwa kwa michakato mingi, kila mchakato huchukua fungu lake. Kwa mfano, michakato 100 yenye megabaiti 50 kila mmoja yahitaji megabaiti 5,000. Seva yenye megabaiti 4,000 itaelemewa. Hapo ama kiwango cha MaxRequestWorkers kipunguzwe, ama kumbukumbu iongezwe.

(3) Uvujaji. Programu hushikilia data isiyoihitaji tena. Dalili yake ni kilele cha leo kupita cha jana, na cha kesho kupita cha leo, ingawa idadi ya watumiaji ni ile ile. Kiwango kutoshuka usiku peke yake si ushahidi, kwani baadhi ya programu hazirudishi upesi kumbukumbu zilizokwisha kuitumia.

Vipimo vichukuliwe kwa saa maalumu kila siku, pamoja na idadi ya watumiaji. Rekodi za mfumo zisomwe pia: Linux ikiishiwa kabisa huua mchakato mmoja na kuandika jina lake. Hata hivyo, aliyeuawa si lazima awe mkosaji; huenda hifadhidata ikauawa kwa ukubwa wake, ilhali kinachovuja ni programu ya tovuti.

Wananchi nao wanaombwa, huduma ikikwama, kutaja saa, ukurasa na kazi waliyokuwa wakiifanya. Taarifa hiyo ikilinganishwa na vipimo, ndiyo itakayomwonesha mtaalamu ni kazi gani inayomeza kumbukumbu.