Samaki Huhesabiwa Alfajiri: Mafunzo Niliyopata Kasulu na Kibondo

Bwawa langu la kwanza nililichimba bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kasulu. Lilikuwa la mita 20 kwa 10, upande mmoja maji kiunoni, upande wa pili kifuani. Nilikuwa nimechoka kununua migebuka na dagaa waliotoka Kigoma mjini, ambao kila wanapopanda mlima, bei nayo inapanda nao. Aliyeniuzia vifaranga wa perege aliniuliza swali moja tu: "Una hela ya wangapi?" Nikasema 2,000. Swali halikuwa hilo, na mimi sikulijua.

1. Bwawa lina kilo zake

Miezi minane baadaye tukavuta wavu. Ulikuwa mzito, na watoto waliojaa ukingoni wakapiga vigelegele. Tulipowamwaga samaki kwenye makarai nikanyamaza: wengi wao hawakuzidi kidole changu. Mzani ukasoma kilo 43.

Msimu wa pili nilipandikiza 400, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Baada ya miezi kumi nilivua 360 hivi, wakatoa kilo 61, kila mmoja akikaribia gramu 170. Bwawa ni lile lile, samadi ni ile ile, pumba za mahindi ni zile zile. Chakula na hewa iliyomo majini vinaweza kubeba kilo fulani za samaki, basi. Kazi yako ni kuamua kilo hizo zigawanywe kwa vinywa vingapi. Kwa bwawa la udongo linalotegemea samadi na pumba, samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba wanatosha. Anayezidisha hapo awe na chakula kamili cha dukani na mashine ya kuingiza hewa.

2. Nenda bwawani saa kumi na moja alfajiri

Funzo hili ndilo lililoniuma zaidi. Ilikuwa mwezi wa tatu, katika msimu ule wa kwanza. Mawingu mazito yalikuwa yamefunika bonde siku mbili mfululizo, nami nilikuwa nimemwaga matoroli matatu ya samadi kwa kudhani nawanenepesha samaki. Mchana maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazuri kuyatazama. Asubuhi ya tatu, kabla ya jua, nilikuta uso wote wa bwawa unachezacheza kama unapigwa na manyunyu, na mvua hakuna. Ilikuwa midomo ya samaki. Walikuwa wamepanda juu kutafuta hewa, na wengine wameshageuka matumbo.

Ukijani ule ni vimea vidogo mno. Mchana vinatengeneza oksijeni kwa nguvu za jua, lakini usiku vinaivuta kama samaki anavyoivuta, na samadi inayooza nayo inaila. Kwa hiyo hewa ya majini hupungua usiku kucha, ikafika chini kabisa karibu na mapambazuko, na baada ya siku ya mawingu hupungua zaidi. Anayehesabu samaki wake adhuhuri anahesabu kwa saa ya neema. Idadi inayofaa ni ile ambayo alfajiri mbaya kuliko zote haitaiua.

Siku hizi napima kwa mkono. Nauzamisha wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, samadi inasimama.

3. Huku ni mlimani

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu imepita mita 1,200. Hewa ni nyepesi, na kwa joto lile lile maji ya huku hushika oksijeni pungufu kidogo. Isitoshe, perege hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, na usiku wa Juni na Julai wa kwetu unajulikana kwa baridi. Miezi hiyo hula kidogo na kukua polepole. Usinakili idadi wala muda wa kuvua kutoka kwa mfugaji wa Dar es Salaam.

4. Hao 2,000 hawabaki 2,000

Perege huanza kuzaa wakiwa na miezi michache tu, na jike hulea mayai kinywani, kwa hiyo watoto wengi hupona. Ndiyo maana msimu wa pili nilitafuta vifaranga wa dume tupu.

5. Tangi la Kibondo

Mtoto wa dada yangu, anayeishi Kibondo, aliweka sebuleni tangi la kioo la sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Ukitoa mchanga na mawe, linabaki na maji ya lita 100 hivi. Alifuata kanuni anayoijua kila mfugaji wa samaki wa mapambo: lita mbili kwa kila sentimita ya samaki. Akaweka Tropheus 12 kutoka Ziwa Tanganyika, kila mmoja sentimita 4. Kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi.

Lakini Tropheus hufika sentimita 12 hivi. Urefu ukiongezeka mara tatu, uzito huongezeka karibu mara 27, na kanuni haisemi hilo. Tena hugombania miamba, mnyonge hana pa kukimbilia. Walipofika sentimita 8, umeme ukakatika saa nne usiku, pampu ikasimama mpaka asubuhi. Wakabaki watano.

Nilimwambia kile bwawa lilichonifundisha: mpwa wangu, hesabu kwa ukubwa watakaofikia, na kwa usiku ambao pampu haifanyi kazi. Sasa anafuga vijisamaki wa ziwa hilo hilo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, ambao hawazidi sana sentimita 5. Ni sita tu. Ukikaa kimya mbele ya kioo unawaona wakichimba mchanga kwa vinywa kuzunguka makombe yao, na mimi kila nikifika Kibondo hukaa hapo muda mrefu.

Wewe unayechimba bwawa mwaka huu, kabla ya kuongeza kifaranga hata mmoja, amka alfajiri moja baada ya siku ya mawingu ukalitazame.