Somo: Kabla ya kununua kriki kubwa ya kukamua mawese



Pande za Kamango, mingazi inasaidia nyumba nyingi pamoja na kakao na kahawa. Vikundi vingine vinakamua mawese kwa mashini ya kriki, ile ambayo jirani zetu wa Uganda wanaiita jeki. Mara nyingi mu mkutano mtu anasimama na kusema: «Kriki yetu haina nguvu tena. Mafuta inabaki mu makapi. Tununue ingine ya kubwa.» Pengine ana haki. Lakini feza ya kikundi ikishatoka, hairudi. Tujifunze kwanza nguvu inatoka wapi na inaenda wapi.

1. Kriki inafanya kazi namna gani?

Ndani ya kriki kuna pistoni mbili, ndogo na kubwa, na mafuta katikati yao. Mafuta hayakubali kubanwa. Presha unayoiweka kwa pistoni ndogo inafika sawasawa kwa pistoni kubwa. Kwa njia hiyo Joseph Bramah wa Uingereza alitengeneza presi yake, akaiandikisha mwaka 1795.

Tuchukue mfano. Pistoni ndogo ina sentimita 1 ya mraba, kubwa ina 40. Mkono wa kriki ukifikisha kilo 500 kwa ile ndogo, kubwa inasukuma kilo 20 000, ni kusema tani 20. Lakini nguvu hiyo inalipwa kwa mwendo: ndogo ikishuka sentimita 2, kubwa inapanda nusu milimita tu. Kwa kusogea sentimita 10, utapiga mkono mara 200. Kwa hiyo kriki kuwa ya pole pole si ugonjwa.

2. Angalia kwanza vitu visivyolipiwa

Ngazi zimepikwa vizuri? Zimetwangwa zikalainika? Zimeingia mu pipa la matundu zingali moto? Zikipoa, mafuta yanakuwa mazito na hayatoki, hata uweke tani 50. Tena usikaze mbio. Kaza kidogo, ngoja mafuta yatiririke, kaza tena. Ukikaza kwa haraka, njia za mafuta zinajifunga ndani ya ngazi.

Kisha angalia mafuta ya kriki yenyewe. Yakipungua, kriki haipandi mpaka mwisho. Jaza mafuta ya hidroliki masafi. Usitie mafuta ya freni, yanaharibu mipira ya ndani. Usitie oili chafu ya moto, inaleta uchafu unaokwaruza pistoni.

3. Pipa dogo linaweza kushinda kriki kubwa

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Kinachokamua ngazi ni tani zikigawanywa kwa upana wa sahani inayokandamiza.

Kriki ya tani 20, pipa la upana wa sentimita 30: kila sentimita ya mraba inapata karibu kilo 28.
Kriki ya tani 30, pipa lile lile: karibu kilo 42.
Kriki ile ile ya tani 20, pipa la sentimita 25: karibu kilo 41.

Unaona? Ukipunguza pipa na sahani yake, unapata karibu ile nguvu ya kriki mpya, na fremu haibebi hata kilo moja zaidi. Hasara yake ni kwamba pipa linachukua ngazi chache kwa mara moja, karibu theluthi moja pungufu. Ukuta wake pia uwe wa chuma kigumu, sababu presha ya ndani imeongezeka.

4. Mkiamua kununua kriki kubwa, fremu inakuja kwanza

Kriki inaposukuma sahani chini kwa tani 30, inasukuma boriti ya juu kwa tani 30 vilevile. Fremu yenye miguu miwili, kila mguu unavutwa kwa tani 15. Fremu iliyotengenezwa kwa tani 20 inaweza kupasuka kwenye sudire, na chuma kikiruka hakiulizi aliye mbele yake. Mwite fundi wa kusudiri aangalie boriti, bulo na kila mahali palipochomelewa kabla ya kutoa feza. Tena msiongeze tiyo kwa mkono wa kriki ili kupata nguvu: mnaipeleka kupita kipimo chake.

5. Na pompi ya moteri?

Pompi inaleta mwendo. Tani zinatokana na presha na upana wa pistoni. Pompi ya presha ya bari 200, inayotoa litre 5 kwa dakika, inahitaji karibu kilowati 2. Hapo lazima kuwe valvu ya usalama inayofunguka presha ikizidi, filta, na mipira ya tiyo inayovumilia presha hiyo. Bila valvu, msiwashe. Na mufikirie: tiyo ikipasuka wakati wa mavuno, ingine itatoka Beni ao Butembo, na ngazi zilizokatwa hazingoji barabara.

6. Tulinde watu na chakula

Usitafute mahali panapovuja kwa mkono. Pitisha kipande cha karto. Mafuta yenye presha yanatoboa ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama haumii.

Wekeni sahani ya kukingia chini ya kriki. Mafuta yake yakidondoka mu mawese, mawese hayo si ya kula wala ya kuuza.

Maswali ya kuzungumza mu mkutano

1. Ngazi zetu zinaingia mu pipa zingali moto?
2. Pipa letu lina upana gani? Fanyeni hesabu ya kilo kwa sentimita ya mraba.
3. Nani ameangalia sudire za fremu mwaka huu?
4. Tukikuta kasoro tatu, tutaanza kulipia ipi?